Mto Ulipanda, Mstari Ukashuka

Kila siku saa saba mchana, shule ikifungwa, Marpuah alikuwa na njia mbili za kurudi nyumbani. Ya kwanza ilipita barabarani, mbele ya msikiti mdogo wa mtaa na karakana ya baba yake. Ya pili ilifuata ukingo wa Mto Sereh, ikapita nyuma ya nyumba za watengenezaji tofu, vipande vya soya iliyogandishwa, na kutokeza darajani, palipokuwa na nguzo ya kupimia maji. Hii ya pili ilikuwa fupi, lakini ilikuwa na mabata bukini wa Haji Muhidin.

Asiyewajua mabata hao anaweza kucheka. Sisi wa mtaa wa Rawa Gabus hatucheki. Bata bukini hunyoosha shingo chini kama nyoka, hufoka, kisha hukuuma kigimbi na kukisokota kabla ya kukiachia. Mwizi wa baiskeli aliyewahi kuingia mtaani kwetu alikamatwa na mabata kabla ya kukamatwa na watu, na inasemekana alishukuru polisi walipofika.

Mwezi ule darasa la sita walikuwa wakisoma takwimu. Mwalimu wao, Bu Ratmi, yaani Mama Ratmi, alikuwa mtu mfupi mwenye sauti kubwa, na hakupenda mifano ya vitabuni. Siku ya kwanza ya somo alimsimamisha Iroh, ambaye baba yake huuza ketoprak, tofu na mchuzi wa karanga, kwenye mkokoteni karibu na lango la shule.

"Mteja akija kwa baba yako, Iroh, mnamuuliza nini?"

"Tunamuuliza pilipili ngapi, Bu. Zinasagwa palepale kwenye mchuzi wa karanga."

"Mmoja akisema tatu na mwingine akisema sita, tofauti ni ngapi?"

"Tatu, Bu."

"Haya. Mmoja akisema 'iwe kali' na mwingine akisema 'iwe kali sana', tofauti ni ngapi?"

Iroh alifikiri kidogo. "Tofauti ni machozi, Bu."

Darasa liliangua kicheko, na Bu Ratmi akacheka nao. Kisha akachora visanduku vitatu ubaoni. Katika cha kwanza aliandika *majina*: ketoprak, supu, wali wa kukaanga. Hayo huwezi kuyapanga wala kuyajumlisha. Katika cha pili aliandika *daraja*: kali kidogo, kali, kali sana. Hizo zina mpangilio, lakini huwezi kutoa moja kutoka kwa nyingine. Katika cha tatu aliandika *kiasi*: pilipili tatu, sentimita sitini, dakika kumi, vitu vya kuhesabu na kupima.

"Kila aina ya data ina mchoro wake," alisema. "Majina yachoreeni pau. Kiasi kinachobadilika siku hadi siku, kichoreeni mstari. Na mkikutana na namba msiiamini haraka. Iulizeni kwanza: wewe ni kiasi kweli, au umevaa tu nguo za namba?"

Marpuah aliyaandika hayo yote kwa mwandiko mzuri, maana alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote. Kwa sababu hiyo alipewa mto. Kazi yake ilikuwa kwenda kwenye nguzo kila alasiri, kusoma kina cha maji kwa sentimita, kukichora kwenye karatasi kubwa na kuibandika kwenye ubao wa matangazo wa msikiti, mtaa mzima uone. Jumamosi ya wiki iliyofuata mkaguzi angekuja, na grafu bora ingepelekwa kwenye maonyesho ya wilaya. Marpuah alikwisha kuiona yake ukutani huko, ndani ya fremu.

Siku ya kwanza alikwenda, akaumwa na bata. Siku ya pili alikwenda, akaumwa mara mbili. Siku ya tatu aligundua njia ya mkato.

Babeh, yaani baba yake, Jaelani fundi pikipiki, alikuwa kwenye kundi la simu la mtaa. Kila siku kwenye kundi hilo ulikuja ujumbe kutoka lango la maji la juu, kule vilimani: Tahadhari Namba Nne, au Tatu, au Mbili, au Moja. Namba Nne maana yake mto umetulia. Tatu, umeanza kujaa. Mbili, fungasha. Moja, kimbia. Ndivyo walivyopanga wakubwa, na hakuna mtu mzima Rawa Gabus asiyelijua hilo.

Basi Marpuah alitupa karatasi ya zamani, akachora mpya. Mhimili wa kusimama aliupa namba kutoka sifuri hadi nne, mhimili wa kulala akaupa siku. Jumatatu aliweka nukta kwenye nne. Jumanne nne tena. Jumatano tatu. Akaziunganisha kwa mstari wa buluu, juu akaandika HALI YA MTO WETU, na chini kabisa akaandika: *Imepimwa na kuchorwa na Marpuah binti Jaelani, Darasa la Sita.* Kuchora alichora kweli. Hilo neno la kwanza ndilo lililokuwa na kasoro.

Iroh alipita Jumatano jioni, amebeba tofu za baba yake, akasimama mbele ya ubao.

"We Puah, sentimita ziko wapi?"

"Nimetumia namba za lango. Ni zilezile tu."

"Zilezile vipi? Hizo ni daraja. Zimevaa nguo za namba. Tena zimevaa kinyume, moja ndiyo mbaya kuliko nne. Sasa mto ukipanda mstari wako utakwenda wapi?"

"Kila mtu anajua kwamba moja ni mbaya."

"Anajua akiisoma. Akipita mbio je?"

Marpuah alihisi masikio yakipata moto, kwa sababu maneno yalikuwa ya kweli na yalikuwa ya Iroh. "Una wivu tu," alisema. "Nenda kahesabu pilipili zako."

Iroh alihamishia ndoo ya tofu kwenye mkono wa pili akaenda zake.

Kesho yake asubuhi, Bu Ratmi, ambaye hukaa ng'ambo ya barabara kuu na hakuwa ameiona karatasi, alimuuliza darasani: "Marpuah, unakwenda mwenyewe kwenye nguzo?"

"Ndiyo, Bu."

"Na mabata?"

"Wamenizoea, Bu."

Wote walicheka isipokuwa Iroh. Marpuah pia alicheka.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Mbingu ilikuwa nyeupe na kavu, nguo zimeanikwa kila ua. Lakini mafuriko ya kwetu ni ya kutumwa. Mvua hunyesha vilimani kwenye mashamba ya chai, mzigo ukafungwa huko, na sisi huupokea saa chache baadaye bila kuwa tumeagiza kitu. Mgeni akitazama juu anaona jua. Mwenyeji hutazama mto, na asipoweza kuutazama humuuliza aliyeutazama.

Lile kundi la simu lilikuwepo, ndiyo, lakini lilijaa picha za maua ya asubuhi njema, vichekesho, na mtu mmoja asiyechoka kutangaza magodoro. Wengi walikuwa wamelizima mlio. Ubao wa msikiti, kwa upande mwingine, kila mtu hupita mbele yake. Ndani ya siku tatu tu mtaa ulikuwa umeshaanza kuutegemea.

Mchana ule simu ya Babeh ilileta Namba Mbili. Marpuah alishusha nukta, akavuta mstari, kisha akaketi kwenye ngazi za msikiti kupaka rangi pembezoni mwa karatasi. Saa nane akapita Encing Romlah, yaani Shangazi Romlah, kama watoto wa mtaa wanavyomwita.

Encing Romlah hupika dodol za harusi, halua ya mchele wa kunata, na nyumba yake ndiyo ya chini kuliko zote, mlango wake unatazama mto. Anaishi na mama yake, Nyai Tinah, yaani Bibi Tinah, ambaye kiharusi kilimchukulia mguu wa kushoto miaka miwili iliyopita. Siku hiyo alikuwa amebeba mwiko mrefu kama kasia, anakwenda kusaidia mapishi ya harusi ya mpwa wake mtaa wa pili. Simu yake ilikuwa kwa fundi tangu Jumapili.

"Puah, mwanangu, mto vipi? Nasikia kule juu wananyeshewa."

"Si huo hapo, Cing. Nimepima," alisema Marpuah bila kuinua kichwa. Alikuwa anapaka kona ya kijani na hakutaka ivuke mstari.

Encing Romlah alitazama ubao kwa muda wa pumzi moja. "Alhamdulillah. Nilikuwa nawaza nimhamishie Nyai kwa jirani wa ghorofani, lakini amesinzia, maskini. Basi acha apumzike. Nimefunga kufuli, narudi kabla ya Magharibi."

"Mm," alisema Marpuah.

Saa tisa na robo alikuwa karakanani kwa baba yake simu ilipolia. Aliichukua kwenye chaji, akasoma.

"Beh," alisema. "Lango la juu. Namba Moja. Tangu saa tisa kasoro robo."

Babeh alitoka chini ya pikipiki kwa kasi ambayo hujawahi kuiona kwa mtu wa kitambi chake. "Kimbia nyumbani umsaidie mama yako kuinua vitu. Wengine wameshapata habari?"

"Ujumbe upo kundini, Beh."

"Haya, kimbia."

Alikimbia. Lakini ubao ulikuwa njiani na kalamu ilikuwa mfukoni, na alifikiri, sekunde tatu tu. Akaweka nukta kwenye moja, akavuta mstari hadi chini.

Nyuma yake pikipiki ilipunguza mwendo. Alikuwa Bang Udin, yaani Kaka Udin, muuza gesi, mitungi minne imefungwa nyuma. "Naona unazidi kushuka," alisema. "Safi. Niliambiwa nihamishe mitungi, kumbe kazi ya bure." Akatia gia, akaondoka.

Marpuah alibaki na kalamu mkononi. Alirudi nyuma hatua tano, hadi ukingoni mwa barabara, mahali watu wanapopita, akaitazama grafu yake kwa macho ya mtu mwenye haraka. Namba zilikuwa ndogo hata hazionekani. Kilichoonekana ni mstari mnene wa buluu ukiteremka kutoka juu kushoto hadi chini kulia, mzuri, ulionyooka, ukimwambia kila mpita njia kwamba mto unapungua.

Aliogopa. Sijui kulisema vingine.

Aliibandua karatasi, akaikunja mara nne, akaificha ndani ya blauzi ya shule. Hakuna aliyeona. Wakiuliza, angesema imepeperushwa na upepo. Mto ungepanda, watu wangeuona wenyewe kwa macho, na jambo lingeishia hapo. Alikuwa ameshageuka kwenda nyumbani aliposikia tena, kichwani, sauti aliyoijibu "Mm" bila kuisikiliza. *Amesinzia, maskini. Nimefunga kufuli.*

Aligeuka akapanda ngazi za msikiti mbilimbili.

Haji Muhidin, mwenye mabata, ndiye mwenye ufunguo wa kabati la kipaza sauti. Ni mzee mkavu; watoto humwita Kong, yaani babu, na huwa hawamwombi kitu. Alikuwa anakunja mikeka baada ya sala ya alasiri.

"Kong Haji, naomba kipaza sauti."

"Kipaza sauti ni cha adhana na misiba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu bado, Kong. Lango la juu ni Namba Moja."

"Hayo yako kwenye simu."

"Watu hawatazami simu. Wanatazama grafu yangu, na grafu yangu ni ya uongo. Sikupima. Niliogopa mabata. Encing Romlah ameiangalia akamwacha Nyai Tinah ndani peke yake, kufuli nje."

Mzee aliweka mkeka chini na kutoa ufunguo.

"Useme hivyohivyo ulivyoniambia," alisema. "Usipunguze."

Sisi tuliokuwa majumbani tulisikia kwanza mkwaruzo, kisha pumzi za mtoto, kisha sauti. "Wana Rawa Gabus. Mimi ni Marpuah, mtoto wa Jaelani fundi pikipiki. Grafu ya ubaoni ni ya uongo. Mimi sikupima. Mstari unashuka lakini mto unapanda. Lango la juu ni Namba Moja. Nyai Tinah amefungiwa ndani. Msiingoje mvua, mvua iko kule." Alitaka kuongeza neno la kuomba radhi lakini kilio kilimtangulia, na mtaa mzima ukasikia hicho pia, kwa sababu Haji Muhidin alisahau kuzima.

Alipotoka nje, Babeh alikuwa anakuja mbio na nyundo mkononi. Walishika njia ya mtoni, ile fupi.

Mabata walikuwepo. Walikuwa wamechafuka kwa sababu maji yalishafika bandani kwao, na walimjia Marpuah wote kwa pamoja. Mmoja alimshika kigimbi, mwingine juu ya kifundo. Alipita katikati yao na hakusimama.

Darajani alisimama Iroh, ndoo ya tofu miguuni, ameinama juu ya reli akiitazama nguzo. Alipowaona alipiga kelele: "Mia mbili na ishirini! Dakika kumi zilizopita ilikuwa mia moja na tisini!"

Babeh hakupunguza mwendo, lakini midomo yake ilikuwa inahesabu. Kila mtu kwetu anajua kizingiti cha Romlah, kilipakwa alama mafuriko yaliyopita. "Kizingiti ni mia mbili na sitini," alisema. "Sentimita thelathini kwa dakika kumi. Tuna dakika kumi na tatu. Labda pungufu."

Kufuli lilikuwa jipya na lilikataa. Babeh alipiga mara moja, mara mbili, mara saba. Watu wengine watatu wakafika, Bang Udin mmojawapo, uso umemshuka. Pigo la tisa kufuli lilikatika. Ndani, maji yalikuwa yameshaanza kupanda kupitia tundu la bafuni, meusi na ya baridi, yamefika kwenye vifundo. Magunia mawili ya mchele wa kunata wa harusi yalikuwa sakafuni, yameshalowa nusu. Nyai Tinah alikuwa ameketi kitandani, mkono mmoja umeng'ang'ania dirisha.

"Nani kaacha bomba wazi?" aliuliza.

"Mto, Nyai," alisema Babeh. "Tunaondoka."

"Nilisikia mtoto analia kwenye kipaza sauti. Nikadhani nimekufa mimi."

Waling'oa mlango wa kabati wakamlaza juu yake. Marpuah alishika kona ya nyuma. Nje, ukingo ulikuwa haujulikani tena ulipo. Maji yaliwafika magotini, kisha mapajani. Bang Udin aliteleza, mlango ukainama, na kwa kitambo kidogo mkono mkavu wa Nyai ulishika kola ya Marpuah kwa nguvu ya mtu anayetaka kuishi. Iroh aliingia majini kutoka upande wa daraja akaubeba ubavu uliokuwa umelegea. Walifika kwenye ngazi za msikiti wakiwa watu sita na bibi mmoja mkavu kabisa, aliyelalamika kwamba hakuna aliyekumbuka kumletea kibao chake cha tambuu.

Encing Romlah alirudi saa kumi na moja, amezunguka barabara ndefu ya juu kwa sababu ya chini ilishafunikwa na maji, mwiko bado mkononi. Alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu. Kisha alitazama kule chini, ambako paa lake tu na nusu ya dirisha vilionekana, akayawaza magunia mawili ya mchele na sufuria kubwa la shaba ambalo ndilo lililomlisha tangu mumewe afariki. Marpuah alimwendea, maji yanachuruzika kwenye sketi, akatoa ile karatasi iliyolowa kifuani.

"Cing, mimi ndiye..."

"Nimesikia. Hata kule harusini tulikusikia." Encing Romlah hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Mimi nilikuuliza, Puah. Ukaniambia umepima."

Kwa karibu wiki nne hakumwambia Marpuah neno jingine lolote.

Mkaguzi hakuja Jumamosi ile, maana shule ilikuwa na matope hadi kwenye madirisha. Darasa la sita walikuja na ndoo na majembe. Marpuah alimtangulia Bu Ratmi mlangoni, akamweleza yote tena, pamoja na yale ya mabata kumzoea. Babeh alikuwa amemwambia asubuhi kwamba akisubiri kuulizwa atakuwa amedanganya tena.

Bu Ratmi alimsikiliza akiwa ameegemea jembe. Kisha alimwita na Iroh, wakaketi watatu juu ya dawati lililopinduliwa.

"Niambie," alisema. "Namba Moja ilikuambia nini?"

"Nikimbie, Bu."

"Ilikuambia una dakika ngapi?"

"Haikuniambia, Bu."

"Haikuweza. Daraja hukwambia hali ni mbaya kuliko jana. Haiwezi kukwambia kwa kiasi gani. Zile dakika kumi na tatu mlizipata kwa Iroh, kwa sababu Iroh alisoma sentimita. Ndiyo maana nilikutuma kwenye nguzo na sikukutuma kwenye simu ya baba yako." Alikwangua tope kwenye jembe kwa kiatu. "Ukichora daraja kama kiasi, umekosea. Hilo ni kosa la hesabu, ningelisahihisha kwa kalamu nyekundu na tungecheka. Lakini uliandika 'imepimwa'. Mtu akiliona neno hilo huacha kutazama mwenyewe, anaazima macho yako. Romlah aliazima macho ambayo hayakuwepo. Hilo silisahihishi mimi. Utalisahihisha wewe, kwa miguu yako, kila siku, mpaka watu waamini tena."

"Na kama hawataamini, Bu?"

"Utaendelea kupima. Mto haujali kama unaaminiwa."

Walipobaki wawili, Marpuah alimwambia Iroh, "Nisamehe kwa yale ya pilipili."

"Nitafikiria," alisema Iroh. "Kwanza nikuone ukipita kwa mabata bila baba yako na nyundo."

Karatasi mpya ilibandikwa ubaoni wiki iliyofuata. Mhimili wa kusimama ulikuwa na sentimita kutoka sifuri hadi mia tatu, namba nene za kusomeka kutoka barabarani. Kwenye mia mbili na sitini Marpuah alivuta mstari mwekundu na kuandika *Kizingiti cha Encing Romlah*. Namba za lango hazikuunganishwa kwa mstari tena. Kila siku ilipewa kisanduku cha rangi juu ya karatasi, kijani, njano, chungwa au nyekundu. Maji yakipanda, mstari ulipanda. Chini hakukuwa na jina la mtu, palikuwa na saa maji yalipopimwa tu.

Siku za mwanzo watu walipita, wakatazama grafu, kisha wakaenda kuuangalia mto wenyewe. Marpuah aliwaona na hakulalamika. Alikwenda kwenye nguzo siku za jua na siku za mvua, na mabata, kinyume na alivyomwambia mwalimu, hawakumzoea hata kidogo.

Siku moja mwishoni mwa wiki ya nne alikuwa ndio kwanza ameweka nukta alipohisi mtu nyuma yake. Alikuwa Encing Romlah, na mwiko mpya begani.

"Leo kiasi gani?" aliuliza Encing Romlah.

"Themanini na tano, Cing. Jana ilikuwa tisini na mbili."

"Umekwenda mwenyewe?"

Marpuah alifungua kinywa ajibu, lakini Encing Romlah hakumngoja. Hakutazama ubao pia. Alitazama chini, kwenye vigimbi vya mtoto yule, palipokuwa na alama za kila rangi: za njano za wiki iliyopita, za zambarau za juzi, na moja nyekundu, mbichi, bado inatoa damu kidogo.

"Naona umekwenda," alisema. Akatengeneza mwiko begani, akashika njia ya kwenda sokoni, akamwacha Nyai Tinah asinzie nyumbani.